Kadi za Maji, Chai na Biriani

Tangu amalize fomu foo, Mzamil alikuwa hawezi kukaa kitako mahali pamoja nusu saa ikaisha. Pale kwao Mji wa Kale angeingia jikoni, atoke, apande ghorofani, ashuke, afungue friji aitizame kama fundi aliyeitwa, mpaka mamake, Bi Swafia, achoke. "Mzamil, hebu toka. Wanitia kisunzi."

Mahali pekee alipotulia ni mbele ya televisheni. Hapo ungemtilia moto chini ya kiti asisikie.

Basi akaangukia kwa Kazungu. Kazungu ana duka la filamu Makadara, limebanwa kati ya muuza viazi karai na muuza mabuibui, dogo hata mteja akiingia na mkoba itabidi mmoja wao asubiri nje. Na usicheke ukasema siku hizi kila mtu ana simu. Simu yataka bando, na bando huisha pale pale mjane wa kwenye tamthilia anapofungua barua. Deki haina bando. Ndio maana kina mama wa Mji wa Kale wamekataa katakata kuachana na diski zao, na Kazungu kila wiki aleta mzigo mpya: za Kituruki, za Kikorea, za Kihindi, na zile za mapigano ambazo hakuna anayejua zatoka wapi.

Kazungu mwenyewe hazitizami. "Mimi nikikaa mbele ya sinema nalala," alimwambia siku ya kwanza. "Tangu utotoni Kilifi. Mteja akiniuliza hii nzuri, namwambia nzuri. Akiuliza na hii, namwambia hiyo hata zaidi. Sasa washaanza kunishtukia."

"Niwekee kiti," Mzamil akasema. "Nitazitizama zote, halafu kila moja niiandikie kadi. Nzuri niseme nzuri, mbovu niseme mbovu."

"Mbovu usiseme."

"Basi niseme yahitaji subira."

Wakakubaliana. Nyumbani, Bi Swafia hakufurahi wala hakununa. Alimwambia tu kwamba mjomba wake wa Mbaraki, mwenye ghala la saruji, bado yuamngoja. Hii kazi ya kadi ikishika, vyema. Isiposhika, ni Mbaraki, akahesabu mifuko. Mzamil alikuwa kashaliona lile ghala. Lina vumbi mpaka kwenye chai, na televisheni hamna.

Kwa hiyo akaandika kwa roho yote. Alikata maboksi ya mashati yakawa kadi, akaandika kuhusu mwanga, kuhusu uigizaji, kuhusu mtoa hadithi anayejua kunyamaza na asiyejua. Ile tamthilia ndefu ya Kituruki, *Mjane wa Kiwanda cha Sabuni*, peke yake ilimla kadi ishirini na kitu, moja kwa kila diski. Akazibandika kwa seloteipu kwenye majalada, akakaa kwenye kiti chake, akangoja watu wasome.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Mwanaesha, jirani yao, mama mkubwa wa buibui la kitambo na miwani iliyofungwa uzi. Bi Mwanaesha ndiye mwenye sebule. Yaani kila mtu ana sebule, lakini yake ndiyo watu hujazana baada ya alasiri, mabinti, mawifi, majirani, na mume wa bintiye ambaye kazi yake ni ya zamu na televisheni nyumbani kwake imekufa. Alichukua diski, akaigeuza, akaipita kadi kama haioni.

"Masalkheri, Bi Mwanaesha."

"Akheri, mwanangu. Hebu nambia. Hii yatizamika na mkwe?"

"Ni nzuri sana, Bi. Huyu muongozaji, vile alivyoutumia mwanga..."

"Sikukuuliza taa. Nakuuliza mkwe. Juzi huyu Kazungu kanipa moja akaniapia ni safi, ni ya daktari. Tumekaa, mkwe wangu hapa, mimi hapa, mara daktari kavua koti. Nikasema ni joto. Kavua shati. Ndugu yangu, kila mtu alitafuta pa kutizama. Mimi nilitizama dari mpaka shingo ikakauka. Mkwe wangu siku tatu hakuja."

Mzamil akacheka. Bi Mwanaesha hakucheka.

"Wewe si wazitizama zote? Basi niandikie ni dakika ya ngapi, ili kabla haijafika nimtume mtu jikoni. Hilo ndilo neno la maana. Hayo mengine mwandikie mamako."

Na kweli, ukifikiri, ndivyo ilivyo kila nyumba. Televisheni ni moja na wanaoitizama ni watu wasiofaa kuona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Likikaribia jambo, mmoja lazima akumbuke chai. Tatizo ni kwamba watu hukumbuka wakati daktari kashavua.

Mzamil aliumia, lakini alifanya. Kadi zile akazigeuza. Yale maneno yake ya mwanga na uigizaji yakaenda nyuma, yakatizamana na plastiki. Mbele akaandika kwa wino mwekundu, kwa kipimo alichokibuni mwenyewe. *Maji*: kitu kidogo, mtume mtu akalete gilasi ya maji, akirudi kimekwisha. *Chai*: kirefu, mtu akabandike birika na asubiri ichemke. *Biriani*: hiyo usiweke kabisa, kwa sababu mtu akienda kupika biriani mpaka iive bado hao hawajamaliza. Na mbele ya kila neno, dakika. *Mjane wa Kiwanda cha Sabuni, diski ya nne: maji, dakika ya 12. Chai, dakika ya 31 hadi 34.*

Ndugu yangu, duka likafurika. Kina mama walikuja kutoka Kibokoni, kutoka Kuze, mmoja alivuka kutoka Likoni. Hawakuuliza filamu ina nini. Waliuliza ina nini jikoni. "Hii maji mangapi?" "Nipe isiyozidi chai moja, nyumbani pana mzee." Kazungu alimnunulia Mzamil kiti chenye mto. Bi Swafia akaanza kusalimiwa njiani kwa heshima mpya, na habari za saruji zikapungua.

Na zile kadi kwa nyuma? Hakuna aliyezigeuza. Hata mmoja. Mzamil alikuwa akiweka alama ndogo ya penseli kwenye ukingo wa seloteipu ili ajue kama kuna mtu kaibandua asome. Kila jioni alizikagua, na kila jioni alama zilikuwa palepale. Hata hivyo aliendelea kuziandika. Kila kadi, mbele dakika kwa ajili ya watu, nyuma maoni kwa ajili ya ukuta.

Halafu wakaanza kuja vijana.

Sufyan ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Ni wa umri wake Mzamil, walisoma pamoja, na jioni yuasoma chuoni, kwenye madrasa ya Ustadh Badawi. Huyu Sufyan zamani akipita dukani alikuwa akimcheka. "Yakhe, watu wenda bandarini kutafuta kazi, wewe watafuta kazi kwenye televisheni." Sasa akaja mpole, na wenzake watatu nyuma.

"Mzamil, kuna biriani?"

"Biriani ni kule kwa..." Kisha akaelewa. "Wataka filamu gani?"

"Yoyote. Biriani tu."

Mzamil akadhani amepata mashabiki. Akawatolea *Kisasi cha Lori*, akaanza kuwaeleza kwamba dereva ameigizwa vizuri ila hadithi inachelewa kuwaka. Sufyan alikuwa kashaigeuza aone dakika. Kesho yake asubuhi na mapema wakairudisha, wakataka nyingine.

"Mushaitizama yote?"

"Yote iliyo muhimu," Sufyan akasema, na wenzake wakafa kicheko pale kwenye viazi karai.

Zile kadi ambazo Mzamil alikuwa ameziandika ili watu wasione, vijana walikuwa wakizitumia ili waone hilo tu na lisibaki jingine. Alikuwa amewachorea ramani. Filamu ya saa mbili yeye aitizama yote, kwa daftari, aandike. Wao waipitia kwa dakika kumi, wakabaki na chenji ya muda.

"Hii haifai," alimwambia Kazungu.

"Haifai vipi? Diski za biriani zilikuwa zakaa hapa zaota ukungu. Sasa hata moja sina."

"Lakini ndizo mbovu, Kazungu!"

"Nilikwambia mbovu usiseme."

Mzamil akafikiria kuandika dakika za uongo, awapeleke kina Sufyan moja kwa moja kwenye mazungumzo ya mirathi. Lakini dakika zikiwa za uongo, Bi Mwanaesha naye atatuma watu jikoni wakati wa mirathi, na wakati wa shati watakuwa wamerudi wote, na chai mkononi. Alikuwa bado hajaamua, Jumanne, Ustadh Badawi alipotokea mlangoni.

Ustadh ni mtu mfupi mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka yasimama peke yake. Mtaa mzima umesoma kwake, Mzamil pia, na mtaa mzima bado waogopa sauti yake hata anapouliza bei ya nyanya. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, Ustadh." Mzamil akaruka kutoka kwenye mto, akambusu mkono.

"Hii nimeiona ndani ya kitabu cha Sufyan. Nambari. Arobaini na moja hadi hamsini. Hamsini na nane. Nikasema mashallah, kijana kajipangia ratiba ya kudurusu. Nikamsifu mbele ya wenzake." Akainua ile karatasi. "Nikamsifu, Mzamil. Kisha nikaona pembeni imeandikwa *Kisasi cha Lori*."

Kazungu aliinama chini ya meza kutafuta kitu, na akaendelea kukitafuta muda mrefu.

Ustadh hakupiga kelele. Aliingia, akabandua kadi moja moja kutoka kwenye majalada, zote, akazitia ndani ya mfuko. "Huu ni ushahidi. Alhamisi baada ya alasiri uje barazani. Tutaamua mbele ya wazee kama kazi hii yaendelea au yakoma."

Habari ikamfikia Bi Swafia kabla Mzamil hajafika nyumbani. Mzamil alimkuta mamake tayari amekunja suruali mbili za kazi. "Ustadh akisema yakoma, imekoma. Mimi sitoki hapa nikapita mbele ya watu nisemwe. Jumamosi wenda kwa mjomba wako."

Alhamisi Mzamil alifika barazani akiwa na suruali zile kichwani, yaani alikuwa hawazi kingine. Ustadh alikuwa amekaa na wazee wawili, kadi zimepangwa mbele yake kwenye mkeka kama karata. Alimsomea hesabu yake vizuri. Kwamba alijua kusoma na kuandika, akautumia ujuzi huo kuwaelekeza vijana dakika kwa dakika. Kwamba shetani mwenyewe hakuwa na mpangilio kama huu. Wazee walitikisa vichwa. Mzee mmoja aliokota kadi, akaisoma kwa mbali, akauliza hii *chai* ni ya maziwa au ya rangi, akaambiwa airudishe.

Kisha wazee wale wakainuka kwenda kwa jirani kumjulia hali mgonjwa, wakasema watarudi sasa hivi wasikie hukumu. Wakabaki wawili.

Ustadh akatizama huku na huku. Akaichukua kadi moja, akaigeuza.

"Hii ya mjane. Hapa nyuma umeandika mwisho wake ni dhaifu."

*Nyuma.* Mzamil alipapasa kwa macho ukingo wa kadi. Alama ya penseli ilikuwa imefutika, na si hiyo tu, kadi zote zilikuwa zimechakaa kwa kushikwa upande wa nyuma.

"Ndio, Ustadh. Baba alimsamehe upesi mno."

"Upesi vipi? Yule mzee hakujua kwamba barua ilichomwa. Alidhani hakuandikiwa. Mtu akidhani hakuandikiwa miaka kumi na miwili, siku akijua, afanye nini? Anune tena?"

"Lakini Ustadh, alijua. Mtumishi alimwambia, pale kwenye gari la..." Mzamil akasita. "Ustadh kaijuaje barua? Kwenye kadi sikuiandika."

Ustadh akalainisha kanzu ambayo haikuwa na mkunjo.

"Watu huhadithia."

"Hiyo ni diski ya ishirini na sita. Hata Bi Mwanaesha hajafika."

Paka akapita, Ustadh akamtizama kama ndiye aliyeuliza.

"Mke wangu hutizama," akasema mwishowe. "Mimi huwa nadurusu. Chumba ni hicho hicho. Masikio n'tayaweka wapi?"

"Na kadi zangu..."

"Huletwa pamoja na diski. Kazungu hutupatia na kadi yake." Akakohoa. "Mama yake mke wangu yuakaa kwetu tangu Ramadhani. Ni mkwe wangu. Ni mtu wa heshima, na hapitwi na hata kipande kimoja. Sasa likija lile lako la dakika ya thelathini na moja, mmoja wetu lazima ainuke."

"Na nani huinuka?"

Ustadh alitizama mbali, upande wa Ngomeni.

"Mwezi mzima nachemsha chai, Mzamil. Nishajua kuweka iliki. Mkwe wangu ameanza kuuliza kama nina ugonjwa wa kiu."

Mzamil aliuma midomo mpaka macho yakalowa. Ustadh akamwacha ahangaike kidogo, kisha akarudi kwenye kadi. Hakuzungumza tena habari ya vijana. Alitaka kujua kwa nini Mzamil amemsifu yule mwigizaji wa daktari wakati kila akilia hujifuta jicho lisilotoka chozi. Alitaka kujua mwanga una kazi gani hasa. Mzamil akamweleza, mikono hewani, na Ustadh akapinga, na Mzamil akapinga kupinga kwake, jambo ambalo chuoni lingemtia matatani. Kwa nusu saa nzima alikaa kitako mahali pamoja, na hapakuwa na televisheni.

Wazee walipogeuka kona, Ustadh akakaza uso kama mtu anayefunga dirisha.

"Basi sikilizeni," akasema kwa sauti yake ya siku zote. "Upande wa mbele, wenye dakika, ni haramu, ukome leo hii. Upande wa nyuma nimeupitia wote. Una makosa mengi, lakini hauna ubaya. Aendelee na wa nyuma."

Mzamil alikwenda mpaka Makadara bila kukanyaga chini. Alikuwa ameambiwa, mbele ya wazee, aandike kile tu alichokuwa akitaka kuandika tangu mwanzo. Kazungu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye kile kiti chenye mto.

"Yaani mbele hakuna kitu."

"Mbele ndio kutakuwa na maoni sasa!"

"Na nani atayasoma?"

"Ustadh."

"Ustadh." Kazungu akahesabu kwa kidole kimoja. "Kesho ni Ijumaa. Nakupa mpaka Jumamosi adhuhuri. Nikiona duka limekufa, haki ya Mungu, kiti hiki nampa mtu anayejua kuingiza nyimbo kwenye simu."

Ijumaa duka lilikufa. Kina mama walikuja, wakatizama kadi mpya zilizojaa maneno mpaka pembeni, wakauliza, "Dakika ziko wapi?", wakaambiwa Ustadh kakataza, wakasema wallahi Ustadh na yeye, wakaondoka na mikono mitupu. Kina Sufyan walipita, wakachungulia, wakanunua viazi. Usiku ule Mzamil aliziona zile suruali mbili zimetundikwa mlangoni kwake.

Jumamosi, saa tano na kitu, akaingia Bi Mwanaesha. Hakusalimia kwa furaha.

"Mkwe wangu yuaja leo. Tumefika diski ya kumi na saba. Nambia maji ni wapi."

"Siwezi, Bi. Ustadh kasema haramu."

"Ustadh, Ustadh! Kwani yeye hutizama? Yeye hajui shida za watu."

Mzamil akatizama sakafu kwa bidii.

Bi Mwanaesha akaishika ile kadi kama anayeshika samaki wa jana. Akaisogeza puani, akaivuta nyuma, akafunga uzi wa miwani vizuri. Kisha akaanza kusoma. Kwa sauti, polepole, neno baada ya neno, na kidole kikifuata.

"*Katika diski hii... muongozaji... anaacha kukimbia. Kiwanda kimefungwa... na wawili hawa... kwa mara ya kwanza... hawana cha kusema. Kamera inawasogelea taratibu.*" Akasimama. "Yawasogelea kwa nini?"

"Ndio aonyeshe upweke wao, Bi."

"Upweke wa watu wawili?" Akamtizama juu ya miwani. "Huu ni chai huu."

Mzamil akaanza kupanga majalada yaliyokuwa yamepangika tayari. Muuza mabuibui alikuwa ameacha kukunja nguo. Pale nje Sufyan, kiazi mdomoni, alikuwa ameacha kutafuna. Bi Mwanaesha akarudi kwenye mstari, akausoma upya, sasa kwa makini ya mtu anayechambua mchele. "*Baada ya taa kuzimika...* Ahaa. *Lakini muongozaji anajizuia... anatuonyesha dirisha tu.* Dirisha tu! Basi ni maji. Gilasi moja. Na hiyo taa yazimika kabla ya kiwanda kuuzwa ama baada?"

"Soma mbele, Bi. Imo."

Akavuta kile kiti chenye mto, Kazungu akamwachia upesi, akakaa akasoma mbele. Alisoma kadi yote. Alipomaliza akaomba ya diski ya kumi na nane. Wanawake wawili waliokuwa wakipita wakasimama mlangoni kusikiliza, mmoja akasema asome kwa sauti kidogo, na Sufyan akasogea akajifanya ananunua betri. Kila alipofika mahali penye mwanga, wote walinyamaza wakifikiri.

Mzamil alikuwa amesimama kwenye kona ya duka, kwa kuwa kiti hakuna tena, akisikia maneno yake yote, moja moja, yakisomwa Makadara mchana kweupe mbele za watu. Alikuwa ameingoja siku hii tangu kadi ya kwanza. Akagundua kwamba sentensi zake ni ndefu mno.

"Uigizaji wa *hali ya juu*," Bi Mwanaesha akasoma, akainua kidole, na wanawake wakasogea. "Juu kiasi gani, Mzamil? Nitume mtu au nisitume?"